Programu imekataa kuhifadhi picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ruhusa za faili

Umekaa saa tatu unasafisha picha moja, unabofya kuhifadhi, na kompyuta inakujibu kwamba huna ruhusa. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi tena na tena kutoka kwa watu waliokwama mahali hapo. Majina ya menyu nimeyaacha jinsi yanavyoonekana kwenye skrini za wengi, ili usihangaike kuyatafuta. Kama ujumbe wa makosa uko mbele yako sasa hivi, nenda moja kwa moja kwenye swali la 1, na usifunge programu.

## Kwanza okoa kazi

1. Programu imegoma kuhifadhi, na picha bado iko wazi. Nianze na nini?

Usifunge programu wala usiwashe kompyuta upya. Kazi yako ipo, lakini ipo kwenye memori tu, na ukifunga inakwenda nayo. Niliwahi kupoteza kazi ya usiku mzima kwa sababu nilidhani kufunga na kufungua upya kungeondoa tatizo. Tatizo liliondoka kweli, na picha pia.

Fungua "Save As" (Ctrl+Shift+S, au Shift+Command+S kwenye Mac) na ubadilishe vitu viwili kwa mkupuo: jina na mahali. Jina liwe fupi, la herufi na tarakimu pekee, kwa mfano *picha1*. Mahali pawe folda mpya ndani ya folda yako kuu ya mtumiaji, ile yenye jina lako. Usichague Desktop, Documents wala Pictures, kwa kuwa hizo ndizo mifumo ya leo inazilinda zaidi, na huenda zenyewe ndizo chanzo. Kwenye dirisha la kuhifadhi la Windows, ukiandika `%USERPROFILE%` pale pa jina la faili na kubonyeza Enter unafika huko. Kwenye Mac bonyeza Shift+Command+H.

Hifadhi katika fomati ya programu yenyewe: PSD kwa Photoshop, XCF kwa GIMP, KRA kwa Krita. Leya zote (matabaka ya picha yako) zitabaki. JPEG utaitoa baadaye, ukiwa umetulia.

2. Hata huko imekataa. Ndiyo basi?

Hapana. Angalia kwanza kama diski ina nafasi. Diski ikijaa, programu nyingine hutoa ujumbe unaofanana kabisa na wa ruhusa. Futa vitu vikubwa usivyovihitaji huku programu ikiwa wazi, kisha jaribu tena. Chomeka pia flashi au diski ya nje na ujaribu kuhifadhi humo.

Ikishindikana kabisa, nakili picha yote ilivyo na uibandike kwenye programu nyingine. Photoshop na GIMP zote zinatumia Ctrl+Shift+C kunakili kila kinachoonekana, baada ya kuchagua eneo lote kwa Ctrl+A. Leya utazikosa, ila picha yenyewe utakuwa nayo mkononi.

Photoshop huweka nakala ya uokozi kila baada ya dakika 10 usipobadilisha mpangilio huo. Nakala hiyo imetengenezwa kwa ajili ya programu iliyoanguka ghafla. Ukiifunga mwenyewe na kukubali kutohifadhi, usitarajie kuikuta.

## Nani hasa anayekataa?

3. Ujumbe unasema faili limefungwa, au sina ruhusa, au linatumiwa na programu nyingine. Ni lipi kati ya hayo?

Ujumbe huo wa Photoshop unataja sababu tatu kwa sababu programu yenyewe haijui ni ipi. Mfumo wa kompyuta umeiambia "hapana" tu, nayo inakisia. Kwa hiyo usianze kubofya kila kitu unachokutana nacho. Tafuta kwanza ni nani aliyesimama mlangoni. Wanaoweza kukataa ni wanne: faili lenyewe, folda, diski, au mlinzi wa mfumo anayeichunguza programu unayotumia.

Hifadhi kwa jina jipya ndani ya folda ileile. Ikikubali, tatizo ni lile faili la zamani. Soma swali la 5 na la 6 (Windows), la 11 (Mac) au la 13 (Linux). Ikikataa, jaribu folda nyingine kwenye diski hiyohiyo. Folda ya pili ikikubali, ya kwanza ndiyo yenye kasoro. Soma la 7 na la 8 kama unatumia Windows, la 11 kwa Mac, la 13 kwa Linux. Kama diski nzima inakataa, ruka hadi la 15.

Jaribio la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Chukua programu nyingine, hata ya kuandikia maandishi tu, na uhifadhi faili dogo palepale ulipokataliwa. Likiingia bila shida, basi folda ni nzima, diski ni nzima, na wewe ruhusa unayo. Anayezuiwa ni programu yako ya picha. Hapo jibu liko swali la 9 (Windows), la 12 (Mac) au la 14 (Linux).

Majaribio haya yanachukua dakika mbili. Nimeona watu wakipoteza siku nzima wakibadilisha ruhusa za folda ambayo haikuwa na kosa lolote.

4. Inawezekanaje nifungue picha lakini nisiweze kuihifadhi?

Kusoma na kuandika ni ruhusa mbili tofauti. Kufungua picha kunahitaji ya kusoma tu. Kwenye Mac na Linux unaweza kuziona kwa amri `ls -l`, ambapo faili la kawaida huonekana hivi: `-rw-r--r--`. Herufi tatu za kwanza baada ya kistari ni za mwenye faili (hapa anasoma na kuandika), tatu zinazofuata ni za kikundi chake, na tatu za mwisho ni za watu wengine wote, ambao hapa wanasoma tu. Kwa tarakimu huandikwa 644, kwa kuwa kusoma ni 4, kuandika ni 2 na kuendesha ni 1.

Kuna jambo moja zaidi linalowachanganya hata wenye uzoefu. Programu nyingi haziandiki juu ya faili lako moja kwa moja. Huandika faili jipya la muda pembeni, likikamilika huondoa la zamani na kulipa jipya jina lake, ili umeme ukikatika katikati usibaki na picha nusu. Utaratibu huo ni mzuri, lakini unahitaji ruhusa ya kuandika kwenye folda. Ndiyo maana faili linaweza kuwa lako kwa kila hali, na bado kuhifadhi kukashindikana.

## Windows

5. Nimeondoa alama ya "Read-only" kwenye folda, lakini inarudi kila mara. Kwa nini?

Kwa sababu alama hiyo kwenye folda haimaanishi unachodhani. Kile kijiraba kilichojazwa unachokiona kwenye "Properties" za folda hakisemi kwamba folda imefungwa. Kinahusu mafaili yaliyomo ndani, na Windows hukionyesha vilevile kwa karibu kila folda. Kiache. Hakikuzuii kuhifadhi.

Kwenye faili mambo ni tofauti: alama hiyo inazuia kweli. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", ondoa tiki ya "Read-only", kisha "OK". Ukitaka kuondoa kwa picha nyingi kwa pamoja, zichague zote kwanza.

Alama hiyo hutoka wapi? Mafaili yaliyonakiliwa kutoka CD au DVD wakati mwingine huja nayo. Chanzo kingine ni kamera. Ukibonyeza kitufe cha kulinda picha, kile chenye alama ya ufunguo, kamera huiwekea faili alama hii hii, nayo hufuata picha hadi kwenye kompyuta. Kama ni picha chache tu katika folda nzima zinazokataa, na ndizo ulizozipenda ukiwa bado unapiga, sababu ndiyo hiyo.

6. Nitajuaje programu inayolishikilia faili langu?

Fungua Resource Monitor (andika `resmon` kwenye menyu ya Start), nenda "CPU", na pale "Associated Handles" tafuta kwa jina la faili. Itakuonyesha nani kalishika.

Wanaoshika mara nyingi ni walewale: kidirisha cha kutazama picha ndani ya File Explorer (kifunge kwa Alt+P), programu ya kusawazisha na wingu kama OneDrive au Dropbox inayolipakia faili kila unapolihifadhi, na antivirusi inayolikagua. Ukiona kukataa kunatokea mara moja kisha jaribio la pili linakubali, karibu kila mara ni kusawazisha. Sitisha kusawazisha ukiwa kazini, au hariri kwenye folda ya kawaida na uhamishie kwenye wingu ukimaliza.

7. Siwezi kuhifadhi ndani ya Program Files wala moja kwa moja kwenye C:. Nifanyeje?

Hifadhi kwingine. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, maeneo hayo yamezuiwa kwa programu za kawaida kwa makusudi, na kizuizi hicho kinakulinda. Picha hazina kazi humo.

8. Picha zangu zimetoka kwenye kompyuta ya zamani. Naziona, lakini kila ninachohifadhi kinakataliwa.

Diski za NTFS (mpangilio wa kawaida wa diski za Windows) hukumbuka mwenye faili kwa namba ya akaunti yake, wala si kwa jina. Hata kama jina lako la mtumiaji ni lilelile kwenye kompyuta mpya, namba ni nyingine, na kwa Windows wewe ni mtu mwingine. Kwenye "Properties", sehemu ya "Security", mwenye zamani huonekana kama mlolongo unaoanza na `S-1-5-21`.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, kwa akaunti yako mwenyewe, na uandike amri hizi mbili ukiweka njia ya folda yako:

`takeown /F "D:\Picha" /R /D Y`

`icacls "D:\Picha" /grant "%USERNAME%":(OI)(CI)M /T`

Ya kwanza inakufanya mwenye folda na vyote vilivyomo. Ya pili inakupa ruhusa ya kurekebisha. Tafadhali zitumie kwenye folda ya picha pekee. Ukizielekeza kwenye C: nzima utavuruga ruhusa ambazo Windows yenyewe inazitegemea, na kurudisha hali hiyo ni kazi ngumu kuliko tatizo ulilokuwa nalo.

Kama mafaili yalisimbwa kwa mfumo wa EFS wa Windows, amri hizi hazitakusaidia: utahitaji cheti cha akaunti ya zamani. Kikusanye kabla hujaifuta kompyuta hiyo.

9. Programu inasema faili halikupatikana, wakati nahifadhi faili jipya! Hii nayo ni ruhusa?

Ndiyo, na inawatesa watu wengi kwa sababu ujumbe hauendani na kisa. Windows 10 toleo la 1709, la mwaka 2017, lilileta kinga iitwayo Controlled folder access. Kazi yake ni kuzuia virusi vinavyoteka mafaili na kudai fidia. Ikiwa imewashwa, programu isiyotambuliwa haiwezi kuandika ndani ya Documents, Pictures, Videos na folda nyingine zinazolindwa. Programu ya picha haielewi kilichotokea: imejaribu kuandika, imeangalia, faili halipo, basi inakuambia halikupatikana.

Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Ransomware protection", kisha "Allow an app through Controlled folder access". Ongeza faili la .exe la programu yako. Usiizime kinga yote. Picha zako za miaka mingi ndizo hasa inazozilinda.

Kuna mtego hapa. Photoshop hukaa kwenye folda yenye mwaka wa toleo katika jina lake. Ukipata toleo jipya, .exe yake iko kwenye folda nyingine, na ile ruhusa uliyotoa mwaka jana haiihusu. Iongeze upya.

10. Si rahisi kuendesha programu kama msimamizi kila siku?

Ni rahisi, na ninakusihi usifanye. Kama jaribio la mara moja sawa: ikihifadhi ukiwa msimamizi, umejua kwamba ni ruhusa za folda. Kama desturi, utaanza kukutana na mambo ya ajabu. Kuburuta picha kutoka File Explorer hadi kwenye programu kutaacha kufanya kazi, kwa kuwa Windows hairuhusu programu ya kawaida kutuma vitu kwa ile ya msimamizi. Diski za mtandao ulizozipa herufi zinaweza kutoweka kwenye dirisha la kuhifadhi. Na kila programu ndogo ya nyongeza uliyoipakua itakuwa na mamlaka juu ya kompyuta nzima.

Isitoshe, kuwa msimamizi hakuipiti kinga ya swali la 9.

## Mac

11. Nifungue vipi faili au folda iliyofungwa?

Ichague, bonyeza Command+I, na uangalie tiki ya "Locked". Iondoe. Shuka chini hadi "Sharing & Permissions": jina lako linapaswa kuwa na "Read & Write". Kama sivyo, bofya kufuli, weka nenosiri, badilisha. Kwa folda yenye picha nyingi, menyu ndogo ya chini ina chaguo la kutumia mabadiliko hayo kwa vyote vilivyomo.

Zikiwa mamia, Terminal ni nyepesi zaidi: `chflags -R nouchg ~/Pictures/Kazi` huondoa kufuli zote kwa mkupuo.

12. Ruhusa zangu ziko sawa kabisa, lakini programu bado inakataliwa.

Tangu macOS Catalina ya 2019, kuna ngazi ya pili ya ruhusa, na hii ni ya programu, siyo ya mtumiaji. Programu inapogusa Desktop, Documents, Downloads, diski ya nje au ya mtandao kwa mara ya kwanza, Mac hukuuliza kama unakubali. Ukibofya kukataa, labda kwa haraka, haikuulizi tena. Inakataa kimya kimya kuanzia siku hiyo.

Nenda System Settings, "Privacy & Security", "Files and Folders" (kabla ya Ventura ya 2022 iliitwa System Preferences, "Security & Privacy"). Tafuta programu yako na uwashe folda inayohusika, kisha uifunge programu na kuifungua tena, baada ya kuokoa kazi kama ilivyo swali la 1. "Full Disk Access" iache hadi hatua hii ishindikane, maana inafungua mengi kuliko unavyohitaji.

## Linux

13. Niliendesha GIMP kwa sudo mara moja, na sasa siwezi kuhifadhi nikiwa mtumiaji wa kawaida.

Ulipotumia sudo, kila faili lililoandikwa lilikuwa la root (msimamizi mkuu wa mfumo), yakiwemo ya mipangilio ya programu. Yarudishe kwako:

`sudo chown -R "$USER": ~/Pictures ~/.config/GIMP`

Mafaili yakiwa yako lakini hayaandikiki, `chmod -R u+w` kwenye folda husika inatosha. Watu watakuambia uandike `chmod -R 777`. Itafanya kazi, ndiyo, na itampa kila mtumiaji na kila huduma ya kompyuta hiyo uwezo wa kubadilisha na kufuta picha zako. Kama umeshafanya hivyo, swali la 23.

14. Programu ya Snap au Flatpak haioni diski yangu ya nje.

Programu hizo huendeshwa ndani ya kizimba, na kizimba kina orodha yake ya folda. Kwa Snap, andika `sudo snap connect gimp:removable-media`. Kwa Flatpak, mfano wa Krita: `flatpak override --user --filesystem=/media org.kde.krita`, ukibadilisha `/media` kuwa `/run/media` kama diski zako hufunguka huko. Wasiopenda amri wana Flatseal, inayofanya kazi hiyo kwa vitufe. Snap pia haziruhusiwi kugusa folda zilizofichwa, zinazoanza na nukta, ndani ya folda yako kuu.

## Kadi, diski za nje na mtandao

15. Diski au kadi nzima inakataa kuandikwa. Nitazame nini?

Kadi ya SD: kitelezi kidogo cha pembeni. Kikiwa upande wa "Lock", hakuna kitakachoandikwa. Kwenye adapta za microSD kitelezi hicho hulegea na kuteleza chenyewe unapoichomeka.

Diski ya NTFS kwenye Mac: macOS inaisoma tu, haiandiki. Hakuna ruhusa ya kubadilisha hapo. Kama diski inazunguka kati ya Mac na Windows, exFAT inafaa zaidi, ila kubadilisha fomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha picha kwanza.

Diski ya Windows kwenye Linux, katika kompyuta yenye mifumo yote miwili: Windows yenye "Fast Startup" haizimiki kikamilifu, nayo Linux, ikiona hivyo, huifungua diski kwa kusoma tu. Zima "Fast Startup" na uizime Windows vizuri.

Kama hakuna kati ya hayo na kadi ilikuwa ikiandika vizuri hadi jana, ichukulie kwa uzito. Kadi na flashi zilizochoka hujifunga zenyewe zisiandikwe tena. Usihangaike kuilazimisha. Nakili kila kitu sasa hivi, kisha iachishe kazi.

16. Kwenye folda ya mtandao, kila ninapohifadhi kunabaki faili la .tmp na picha haibadiliki.

Hii ni hadithi ya swali la 4. Umepewa ruhusa ya kuandika bila ya kufuta, hivyo programu inaandika faili la muda na kushindwa kuliondoa la zamani. Mwombe msimamizi wa seva akupe "Modify". Mkumbushe pia kwamba kwenye seva ya Windows kuna ruhusa za folda na ruhusa za kushirikisha, na kali zaidi kati ya mbili ndiyo inayoshinda. Kurekebisha upande mmoja hakutoshi.

Mimi binafsi huhariri kwenye diski ya ndani na kunakili kwenye seva mwishoni. Faili kubwa la leya halipendi mtandao unaokatika.

## Simu

17. Programu ya kuhariri kwenye Android inashindwa kuhifadhi juu ya picha ya awali.

Kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, programu haiwezi kubadilisha picha iliyoundwa na programu nyingine bila wewe kukubali. Ukiulizwa kama unaruhusu ibadilishwe, kubali. Kwenye Settings, angalia pia kwamba programu ina ruhusa ya picha na video.

Hata ukiiondoa programu na kuisakinisha tena, inahesabika ni ngeni kwa picha ilizozitengeneza yenyewe zamani, na itaanza kuomba upya. Kwa kadi ya SD, programu hukufungulia dirisha la kuchagua folda. Chagua folda ya picha ndani ya kadi na uthibitishe.

18. Na kwenye iPhone?

Settings, "Privacy & Security", "Photos", kisha programu yako. Ikiwa imewekwa "None", haihifadhi. Chaguo la kuruhusu picha chache tu, lililokuja na iOS 14, halizuii kuhifadhi picha mpya. Kama chaguo zote zimefifia na hazibofyeki, angalia vizuizi vya Screen Time.

## Yanayofanana na ruhusa, lakini siyo

19. JPEG haionekani kabisa kwenye "Save As". Nimezuiwa?

Hapana. Photoshop 22.4 ya 2021 ilihamishia fomati zisizobeba leya kwenye "Save a Copy". GIMP nayo, tangu 2.8 ya mwaka 2012, huhifadhi XCF tu. JPEG na PNG ziko kwenye "Export As".

20. Picha kubwa sana inakataa kila mahali.

PSD inaishia GB 2 na pikseli 30,000 kwa upande. Zaidi ya hapo tumia PSB, fomati ya Photoshop ya picha kubwa. JPEG haivuki pikseli 65,535 kwa upande. Na flashi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata ikiwa tupu.

21. Jina la faili linaweza kuwa tatizo?

Linaweza. Windows haikubali alama hizi: `\ / : * ? " < > |`. Haikubali pia majina kama CON, AUX, NUL au COM1. Programu nyingi hushindwa pia njia nzima, kuanzia C: hadi mwisho wa jina, inapofikia herufi 260. Hilo huwapata wanaopanga folda ndani ya folda kwa mteja, mwaka, tukio na toleo. Fupisha folda za juu, zote za chini zitapumua.

22. Lightroom Classic inasema katalogi tayari inatumika au haiandikiki.

Pembeni mwa faili la katalogi hukaa faili lenye jina linaloishia `.lrcat.lock`. Lightroom ikianguka, hubaki. Hakikisha programu imefungwa kabisa, kisha lifute hilo pekee, wala usiguse la `.lrcat`. Kama katalogi iko kwenye diski ya mtandao, irudishe ndani, maana Lightroom Classic haifungui katalogi kutoka huko.

23. Nilishampa kila mtu ruhusa zote kabla ya kusoma hapa. Nirudishe vipi?

Kwenye Windows, `icacls "D:\Picha" /reset /T` huondoa ulichoongeza kwa mkono na kurudisha ruhusa zinazorithiwa kutoka folda ya juu. Kama folda ya juu nayo uliibadilisha, anza na hiyo.

Kwenye Mac na Linux, folda na mafaili yanahitaji tarakimu tofauti, kwa sababu folda isiyo na ruhusa ya kuendesha haiingiliki:

`find ~/Pictures -type d -exec chmod 755 {} +`

`find ~/Pictures -type f -exec chmod 644 {} +`

Kama ni picha za wateja au za familia na kompyuta inatumiwa na watu kadhaa, weka 700 badala ya 755 na 600 badala ya 644, ili wengine wasizisome kabisa. Halafu fungua picha moja, ibadilishe kidogo, na uihifadhi palepale ilipo.